JINA LAKO LIANDIKWE
Kujifunza kazi ya kufunika mabomba, na kulipwa wakati wa kujifunza



Mwezi huu nataka kuongea nanyi, vijana wa Kasulo na wa mitaa yote ya Kolwezi, pamoja na wazazi wenu, juu ya kujifunza kazi. Nitawaonyesha kazi moja ambayo wengi wenu mnapita karibu nayo kila siku bila kujua jina lake. Lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, sababu mchungaji anayeficha kosa lake hawezi kumwongoza mtu.

KIJANA NILIYEMTOA SHIMONI

Ninyi wa Kasulo hamhitaji kuambiwa habari za shimo. Tangu mwaka 2014, ilipojulikana kwamba chini ya viwanja mna heterojeniti, yale mawe meusi yenye kobalti, watu walichimba uani, walichimba jikoni, walichimba hata ndani ya chumba cha kulala. Mwaka 2017 watu wa sehemu moja ya mtaa walihamishwa na mahali pao pakazungushiwa ukuta. Lakini shimo halikutoka katika maisha yetu, na vijana wetu wangali wanashuka.

Katika kwaya yetu kulikuwa na kijana wa miaka 19, mwenye sauti nzuri ya chini. Alikuwa anashuka usiku na kurudi asubuhi macho mekundu. Mama yake alinililia. Nikamwita kijana, nikamsomea Mithali 13:11, juu ya mali ya haraka na mali inayokusanywa kidogo kidogo. Nikamwambia, "Mwanangu, acha shimo, ujifunze kazi." Akanitii. Mimi mwenyewe nilimpeleka kwa bwana mmoja mwenye karakana ndogo, aliyekuwa akichukua kazi za kufunika mabomba ya viwanda. Tulishikana mikono, tukaomba, nikarudi nyumbani na furaha.

Miezi minane kijana alibeba mabati, alifagia, alishika ngazi wengine wakipanda. Hakulipwa hata franga moja. Alipouliza, aliambiwa, "Wewe unajifunza. Ungepaswa wewe kunilipa mimi." Siku moja ukingo wa bati ulimkata kiganja vibaya sana. Wakamfunga kitambaa, wakamwambia aende nyumbani apone. Tulipokwenda kuuliza juu ya gharama ya dawa, hapakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake. Ilikuwa kama hakufika kamwe mahali pale.

Kidonda kilipopona, akarudi shimoni. Nilimkuta njiani, nikaanza kumkemea. Akanijibu kwa heshima, "Baba Pasta, neno yenu iko ya kweli. Lakini ku nyumba hatuwezi kuipika mu nyungu."

Nilikosa la kujibu. Baba yake alikwisha kufariki, na wadogo zake wanne wanakula kwa mkono wake. Shimo likitoa mawe, depo inalipa siku ileile, na jioni kuna bukari mezani. Mimi nilimwambia atoke shimoni, lakini sikumpa ngazi ya kupandia. Tangu siku ile nilianza kuuliza: je, kuna mahali ambapo kijana anajifunza kazi na huku nyumba yake inakula? Jibu lipo, nitawaeleza. Lakini kwanza tuiangalie kazi yenyewe.

NI KAZI GANI HII?

Mama akipika chai asubuhi na kuitia ndani ya termosi, saa sita bado ni ya moto. Akiiacha katika sufuria, inapoa upesi, na makala yaliyoteketea katika mbabula yamepotea bure. Termosi haipashi chai moto. Kazi yake ni kuzuia joto lisitoroke. Basi, fundi wa kufunika mabomba anakivisha kiwanda kizima termosi. Kwa Kifaransa kazi hii huitwa kalorifujaji, na wazee wa Gécamines wanaijua vizuri.

Angalieni malori ya salfa, ule unga wa njano, yanayokuja Kolwezi. Salfa ile inayeyushwa na kuchomwa ili kutengeneza asidi ambayo viwanda vinatumia kutoa shaba na kobalti ndani ya mawe. Salfa inayeyuka kwenye joto la nyuzi 115 hivi. Ikipoa chini ya hapo ndani ya bomba, inaganda, na bomba linaziba kama mshipa wa damu. Ikipashwa kupita nyuzi 160, inakuwa nzito kama gundi na pampu haiwezi kuisukuma. Kwa hiyo bomba la salfa hupashwa kwa mvuke na kuvikwa vizuri, ili joto lake likae kati ya mipaka hiyo miwili. Fundi akiacha mahali kidogo pasipofunikwa, kiwanda kizima chaweza kusimama.

Tena kuna mabomba ya mvuke, matangi ya maji ya moto, na mifereji ya hewa ya moto kutoka katika matanuru ya kuyeyusha shaba. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Kamoa-Kakula, kilichowashwa mwishoni mwa mwaka 2025, kimejengwa ili kiweze kutoa hadi tani 500,000 za shaba kwa mwaka. Kiwanda cha namna hiyo kina mabomba mengi sana ya kuvikwa, na vazi lile halidumu milele. Likiharibika, lazima livuliwe na kuvishwa jipya. Kumbe kazi haiishi siku kiwanda kinapokwisha kujengwa.

Fundi huyu anafanya mambo matatu. La kwanza, analinda joto, na hivyo anapunguza gharama ya kuni za kiwanda, yaani mafuta, makaa ya mawe na umeme. La pili, analinda watu. Chuma chenye joto la nyuzi 60 chaweza kuunguza mkono ulioshika kwa sekunde chache tu, na mabomba ya mvuke yanapita hapo mbali sana. La tatu, analinda bomba lenyewe. Maji ya mvua yakiingia chini ya vazi yanakaa pale bila kuonekana, na chuma kinaoza taratibu mpaka siku kinapopasuka. Ndiyo maana fundi mzuri anapanga mabati yake kama manjanja ya nyumba: ukingo wa juu unalalia ule wa chini, ili maji yateremke nje.

Mabomba ya baridi nayo yanavikwa, kama yale ya vyumba vya kuhifadhia samaki na dawa. Hapo fundi anazuia joto la nje lisiingie, tena anaziba kila tundu ili unyevu wa hewa usigeuke maji juu ya bomba.

KISU, FUTI NA AKILI

Vijana wengine watasema, "Pasta, kuzungusha sufi juu ya bomba, kuna elimu gani hapo?" Haya, chukueni kalamu.

Una bomba lenye upana wa milimita 168. Utalivika sufi ya mawe yenye unene wa milimita 50. Sufi hii ni mawe yaliyoyeyushwa na kuvutwa kama nyuzi. Juu yake utaweka bati la alumini. Je, bati litakatwa kwa urefu gani ili lizunguke?

Sufi iko pande zote mbili za bomba, kwa hiyo 50 na 50 ni 100. Jumlisha na 168, unapata 268. Zidisha kwa 3.14, unapata karibu 842. Ongeza milimita 40 za kulaliana ukingo kwa ukingo, jibu ni 882. Aliyesahau kuhesabu sufi mara mbili atakata bati fupi, na bati lililokatwa fupi halirudi kuwa refu. Limepotea, na pesa ya mwenye kazi imepotea.

Hiyo ni kwa bomba lililonyoka. Likifika kwenye kona, fundi anakata bati vipande vingi vyembamba vyenye tumbo katikati, kama maganda ya chungwa, na kuvipanga kimoja baada ya kingine mpaka kona ivae. Vipande hivyo vinachorwa kwanza juu ya karatasi, kwa futi na bikari. Kule shuleni wengi waliuliza, "Jometri itanisaidia nini?" Jibu liko pale kwenye kona ya bomba.

Tena fundi anajua kuchagua. Kuna sufi ya mawe, kuna sufi ya kioo, kuna vitu vigumu kama chokaa vinavyovumilia joto kali, kuna mpira laini wa mabomba ya baridi. Akiweka tabaka mbili, anahakikisha maungo ya tabaka la juu hayakai juu ya maungo ya lile la chini, ili joto lisipate njia. Haya yote hayajifunzwi kwa miezi miwili. Yanahitaji miaka, na yanahitaji mzee wa kazi kukuonyesha kwa mkono wake.

Na wasichana wetu? Kazi hii inataka jicho, hesabu na uvumilivu kuliko mabavu. Binti anayejua kukata kitenge bila kupoteza kitambaa ana nusu ya ujuzi tayari.

KULE MARIKANI WANAJIFUNZAJE?

Sasa nirudi kwenye swali langu. Mmoja wa washiriki wetu ana ndugu aliyehamia Marekani, kama Wakongomani wengi wa Swahili waliopelekwa kule kutoka katika kambi za wakimbizi. Ndugu yule alimtumia habari kwamba anajifunza kazi ya kufunika mabomba kupitia sendika, na kwamba tangu wiki ya kwanza analipwa. Nilidhani anajisifu. Nikachunguza, nikakuta ni kweli, tena jambo hilo ni la zamani.

Mafundi wa kazi hii kule Marekani waliunganisha sendika zao za miji mbalimbali mwaka 1903, na umoja wao upo mpaka leo, Marekani na Kanada. Kijana anayetaka kujifunza hapeleki mbuzi kwa mwenye karakana. Anaomba nafasi kwa kamati ambayo upande mmoja ni watu wa sendika na upande mwingine ni waajiri. Wanaangalia masomo yake, wanamhoji. Akikubaliwa, wanaandikiana mkataba. Jina lake linaingia katika daftari, na pamoja nalo miaka ya kujifunza, saa za kazi, saa za darasa, na mshahara.

Mafunzo huchukua miaka minne au mitano. Mchana yuko kazini chini ya fundi, na kwa saa fulani za mwaka anakaa darasani. Serikali yao, ambayo imekuwa na sheria juu ya mafunzo ya namna hii tangu mwaka 1937, inashauri darasa lisipungue saa 144 kwa mwaka. Mshahara unaanza mara nyingi karibu na nusu ya mshahara wa fundi kamili. Akifaulu, unapanda ngazi moja, halafu nyingine, mpaka siku anapopokea cheti na kulipwa kama fundi.

Na fedha za shule zinatoka wapi? Hapa ndipo nilipofungua macho. Sendika na waajiri wanapopatana juu ya mshahara, wanapatana pia kwamba kwa kila saa ambayo fundi amefanya kazi, senti kadhaa zitaingia katika mfuko wa kufundisha vijana. Senti zile zingeweza kuingia mfukoni mwa fundi mwenyewe. Lakini wazee wamekubali ziende kwa wale watakaokuja nyuma yao, kwa sababu wao nao walilipiwa hivyo.

Ndugu msomaji, mkumbuke Bezaleli, yule fundi wa hema ya Bwana. Katika Kutoka 35 tunasoma kwamba Mungu alimpa ujuzi wa dhahabu, mawe na mbao, na zaidi ya hayo alimpa yeye na Oholiabu uwezo wa kuwafundisha wengine. Fundi anayekufa na ujuzi wake amemaliza nusu tu ya kazi aliyopewa.

VUMBI LILILOWAUA MAFUNDI

Msidhani nawasifia paradiso. Kazi hii ina historia ya huzuni, na lazima muijue.

Kwa miaka mingi mabomba yalivikwa amianti, ambayo wengine huita asbesto. Ni jiwe lenye nyuzi, halishiki moto, na lilikuwa bei nafuu. Mafundi walilikata kwa msumeno na vumbi jeupe likawafunika. Neno hilo lilikuwa hata ndani ya jina la sendika yao. Hawakujua kwamba nyuzi zile ndogo zinaingia mapafuni na kukaa humo miaka ishirini, miaka thelathini, halafu zinaleta ugonjwa wa kukosa pumzi na kansa.

Nani aligundua jambo hilo kwa mafundi hawa? Daktari mmoja, Irving Selikoff, pamoja na wenzake. Walichukua daftari za sendika za New York na New Jersey, wakawafuata mafundi 632 waliokuwa wameandikwa humo mwishoni mwa mwaka 1942, mmoja mmoja, mpaka mwaka 1962: nani yuko hai, nani amekufa, amekufa kwa nini. Kwa hesabu ya kawaida, watu sita au saba tu kati yao wangekufa kwa kansa ya mapafu. Walikufa 45. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1964, na zikasaidia kufungua macho ya dunia. Leo neno amianti limeondolewa katika jina la sendika, na nchi nyingi zimelikataza jiwe lile.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwa nini vifo vile viliweza kuhesabiwa? Ni kwa sababu majina yalikuwa yameandikwa. Mafundi wale walikufa, lakini daftari lilisema kwa niaba yao, na wana wao wakapona.

Linganisheni na shimo. Mwezi wa Juni 2019, maporomoko karibu na Kolwezi yaliwaua wachimbaji zaidi ya 40 kwa siku moja, na dunia ikasikia. Lakini wale wanaokufa mmoja mmoja, usiku, chini ya nyumba? Wale wanaokohoa vumbi miaka kumi baadaye? Daftari lao liko wapi? Depo inaandika uzito wa mfuko na asilimia ya kobalti. Haiandiki jina la mapafu yaliyoubeba.

Na ninyi mtakaoingia katika kazi hii, angalieni: viwanda vya zamani vyaweza bado kuwa na vazi la zamani juu ya mabomba. Usilivunje kwa nyundo, usilifagie likiwa kavu, usilipeleke nyumbani. Uliza kwanza ni kitu gani. Waache wenye ujuzi na vifaa walitoe. Hata sufi ya siku hizi inawasha ngozi na macho, kwa hiyo vaa maski, glavu na miwani, na ukung'ute nguo zako kabla ya kumbeba mtoto.

NA SISI HAPA LUALABA?

Mtaniambia, "Pasta, Marekani ni mbali." Ni kweli. Sendika zetu hapa hazina shule kama zile. Lakini msiseme kwamba hatujawahi kuona kijana akifundishwa kazi na kampuni. Waulizeni babu zenu. Union Minière, na baada yake Gécamines, walikuwa na shule zao za ufundi. Mtoto wa mfanyakazi aliingia akiwa hajui kushika nyundo, akatoka fundi, na jina lake lilikuwa katika vitabu vya kampuni. Wazee waliita kampuni baba na mama. Halafu ukaja mporomoko wa miaka ya 1990, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wakaondoka kwa malipo ya mara moja. Wengi waliondoka na ujuzi mikononi, bila kijana wa kumwachia. Wengine wao wanakaa nasi kanisani kila Jumapili, kwenye benchi ya nyuma, na hatuwaulizi kitu.

Yapo mambo matatu ambayo tunayo mpaka leo.

Kwanza, sheria. Kodi ya Kazi ya nchi yetu, ambayo ni sheria namba 015 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inatambua mkataba wa kujifunza kazi, na inataka uwe wa maandishi. Kwa hiyo kijana akiomba karatasi, haombi zawadi, na mtu asimwambie kwamba ana kiburi.

Pili, INPP, yaani taasisi ya taifa ya kufundisha kazi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Waajiri wanaichangia fedha kwa sheria, na ipo hapa Kolwezi. Nendeni mkaulize ni masomo gani yanatolewa, kwa bei gani, kwa muda gani. Anayejua kuunganisha chuma au kukunja bati ameshafika mlangoni pa kazi hii ya kufunika mabomba.

Tatu, sendika zenyewe. Katika kampuni kubwa wapo wajumbe waliochaguliwa na wafanyakazi, na wanakaa na waajiri kupatana juu ya mshahara na matibabu. Ninyi akina baba mnaochagua wajumbe hao, je, mmewahi kuwaambia waweke mezani pia jambo la vijana wanaojifunza? Tukiomba nyongeza ya mishahara yetu peke yake, na watoto wetu wako shimoni, tumeomba nusu.

MAMBO MATANO YA KUULIZA

Kijana wangu, kabla ya kuingia katika karakana yoyote, uliza haya kwa adabu, pamoja na mzazi au mzee wa kanisa:

1. Karatasi iko? Jina langu, jina la mwenye kazi, tarehe ya kuanza, na sahihi za pande mbili.
2. Nitajifunza nini, kwa muda gani? "Utaona mbele" si jibu. Mwaka wa kwanza kupima na kukata, mwaka wa pili kona na matangi: hilo ni jibu.
3. Nitalipwa kiasi gani, na kitapanda lini? Hata kikiwa kidogo, kijulikane.
4. Nikiumia, nani atanipeleka hospitali na nani atalipa?
5. Nikimaliza, nitapewa cheti gani, na nani atanipima?

Mwenye karakana anayefundisha kweli hatakasirika. Anayekasirika kwa sababu ya karatasi, amekwisha kukujibu.

Na kwa wenye karakana walio wakristo, nawaambia neno kwa upendo. Someni Yeremia 22:13, mwone nabii alivyomkemea mfalme aliyejenga nyumba yake nzuri kwa kumfanyisha jirani kazi bila malipo. Kijana anayefagia na kubeba bati tangu asubuhi mpaka jioni anakuletea faida tayari. Usimwite mwanafunzi siku ya malipo na mfanyakazi siku ya kazi.

KWA WAZAZI NA KWA KANISA

Wazazi, Bwana Yesu alitufundisha katika Luka 14 kwamba anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza na kuhesabu gharama. Mtoto anayejifunza kazi ataleta nyumbani kidogo kuliko yule wa shimoni, kwa miaka miwili au mitatu. Ni lazima nyumba ikubali hilo kabla ya kuanza. Mama akisema kila jioni, "Mwenzako ameleta dola, wewe umeleta nini?", yeye mwenyewe anamsukuma mtoto arudi chini.

Na kanisa tusihubiri tu. Baada ya aibu yangu ile, nilikaa na mashemasi na wazee wetu, tukapatana mambo mawili. La kwanza, hakuna kijana wa kanisa atakayepelekwa kwa fundi kwa kushikana mikono tu. Wazee wawili watakwenda naye, na karatasi itaandikwa, na nakala itabaki katika sanduku la kanisa. La pili, akina mama walisema watakusanya unga kila mwezi kwa nyumba ya kijana anayejifunza, miezi sita ya kwanza. Ni unga tu, si kitu kikubwa. Lakini unga unapikika mu nyungu.

Pia tulimwomba mzee mmoja wa benchi ya nyuma, aliyefunika mabomba kwa miaka mingi zamani, awaonyeshe vijana Jumamosi mchana. Alikuja na kisu chake cha zamani na boksi za karatasi ngumu. Akawafundisha kuchora vile vipande vya kona, kama maganda ya chungwa. Mara ya kwanza hakuna kona iliyofunga. Mzee alicheka, akasema, "Hata mimi ya kwanza haikufunga." Sijapata kumwona na furaha kama siku ile.

Na yule kijana wa kwaya? Sitawadanganya, bado anashuka. Lakini Jumapili moja nilipotangaza kwamba karakana fulani inatafuta vijana wawili, alinisubiri nje baada ya ibada. Hakuniuliza kazi ni ya wapi. Aliniuliza neno moja: "Baba Pasta, karatasi iko?"

Nilifurahi kuweza kumjibu kwamba safari hii iko. Tunaendelea kuongea naye na mama yake juu ya wale wadogo wanne. Mtuombee.

Bwana anajua kila mmoja wetu kwa jina. Basi na sisi tusikubali mtoto wetu afanye kazi mahali ambapo hakuna anayelijua jina lake. Amani ya Kristo ikae nanyi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, nani anajua kazi ya mikono ambayo hajamfundisha mtu? Anangoja nini?
2. Mtoto wetu akiingia kujifunza kazi leo, tutakula nini mwaka wa kwanza? Tuhesabu pamoja.
3. Someni Kutoka 35:30-35 na Matendo 18:1-4. Bezaleli na Paulo walitumia namna gani kazi ya mikono yao?
4. Kwa vijana: bomba lina upana wa milimita 114, sufi ina unene wa milimita 40, bati lilaliane milimita 40. Mtakata bati la urefu gani?